Heinrich Hertz, mtu aliyetundika bati ukutani na kufunua siri ya rezo

Kila mtangazaji wa redio anapotaja namba ya stesheni yake, anataja pia jina la mtu, hata kama hajui. Radio Okapi mjini Kinshasa husikika kwenye 103.5, na kipimo cha namba hiyo ni megahezi. Neno hilo limebeba jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyefariki tarehe 1 mwezi wa kwanza 1894 akiwa na miaka 36 tu. Hakuacha kampuni, hakutajirika, na hakuwahi kusikia redio. Lakini yeye ndiye wa kwanza kuthibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi yanayobeba sauti, picha na ujumbe wa simu yapo kweli.

Siku hizi kazi yake inakumbukwa tena kwa sababu nyingine. Wahandisi wa simu huko Ulaya, Asia na Marekani wanajaribu kutengeneza nyuso zinazotundikwa ukutani ili kugeuza mawimbi na kuyapeleka pale ambapo rezo haifiki. Jambo hilo linaonekana jipya kabisa. Hata hivyo, mzizi wake uko katika ukumbi mmoja wa masomo mjini Karlsruhe, ambapo mwaka wa 1888 Hertz alitundika bati la zinki ukutani ili aone wimbi litafanya nini likiligonga.

Mtoto wa Hamburg aliyependa mashine

Hertz alizaliwa tarehe 22 mwezi wa pili 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg. Baba yake, Gustav, alikuwa mwanasheria na baadaye akawa seneta wa mji. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, lakini ulikuwa umekwisha kuingia dini ya Kilutheri. Mama yake, Anna Elisabeth, alikuwa binti wa daktari wa jeshi.

Tangu utotoni mikono yake haikutulia. Alijifunza useremala, akatumia mashine ya kukereza mbao na chuma, akatengeneza vyombo vyake mwenyewe. Upande mwingine alipenda lugha, hata akasoma Kiarabu na Kisanskriti. Mikono hiyo ndiyo iliyomsaidia baadaye, kwa maana vyombo alivyohitaji havikuwa vikiuzwa popote.

Kwanza alitaka kuwa mhandisi. Alifanya kazi ya mazoezi mjini Frankfurt, akaingia shule ya politeknike ya Dresden, kisha akatumikia jeshi mwaka mmoja mjini Berlin, katika kikosi cha reli. Alipofika Munich mwaka wa 1877 akabadili njia: akaacha uhandisi na kuchagua fizikia. Mwaka uliofuata akahamia Berlin, kwa profesa Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa wakati ule. Mwaka wa 1880 alipata udaktari akiwa na miaka 23.

Swali ambalo alilikataa

Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakibishana. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameandika hesabu zilizoonyesha kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja vinatoa wimbi, na wimbi hilo linakwenda kwa mwendo wa mwanga. Kwa Maxwell, mwanga wenyewe ni wimbi la aina hiyo. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini Maxwell alifariki mwaka wa 1879 bila mtu yeyote kuyaona mawimbi hayo katika maabara.

Mwaka huo huo Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza zawadi kwa atakayejibu swali lililohusu nadharia hiyo. Helmholtz alimshauri Hertz ajaribu. Hertz akapiga hesabu, akaona vyombo alivyokuwa navyo haviwezi kutoa tokeo la kupimika, akakataa. Swali hilo lakini halikumtoka kichwani.

Baada ya miaka mitatu ya kuwa msaidizi wa Helmholtz, alikwenda kufundisha Kiel mwaka wa 1883. Kule hakukuwa na maabara ya maana. Mwaka wa 1885 akapata uprofesa katika politeknike ya Karlsruhe, kusini mwa Ujerumani, na hapo akapata vyombo na nafasi. Mwaka wa 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake. Walizaa mabinti wawili, Johanna na Mathilde.

Cheche katika giza

Mwaka huo wa ndoa, akiwa anatumia koili mbili za kufundishia, Hertz aliona kitu kidogo. Alipopitisha umeme wa ghafla katika koili moja, cheche iliruka pia katika koili ya pili ambayo haikuunganishwa nayo. Mtu mwingine angeipita. Yeye akasimama hapo, kwa sababu aliona kwamba sasa amepata njia ya kutikisa umeme kwa kasi kubwa sana, kitu alichokosa mwaka wa 1879.

Akatengeneza chombo cha kutuma: fito mbili za chuma zilizotazamana, katikati kukiwa na nafasi ndogo ambapo cheche iliruka. Chombo cha kupokea kilikuwa rahisi zaidi, yaani waya uliokunjwa kama pete, wenye pengo dogo sana kati ya ncha zake. Wimbi likifika, cheche ndogo inaruka katika pengo hilo. Ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo alilazimika kukaa gizani muda mrefu ili macho yake yaweze kuiona.

Katika kazi hiyo aligundua jambo lingine bila kulitafuta: cheche ya kupokea ilipata nguvu zaidi ilipoangazwa na mwanga wa aina ya urujuani usioonekana kwa macho. Aliandika habari hiyo mwaka wa 1887 kisha akaendelea na mawimbi yake. Tokeo hilo baadaye lilielezwa na Albert Einstein, likampa zawadi ya Nobel.

Ukuta uliokuwa unasumbua

Hapa ndipo habari ya ukuta inapoanza. Hertz alitaka kupima mwendo wa wimbi hewani, lakini vipimo vyake havikukaa sawa. Karibu na kuta cheche ziliongezeka nguvu mahali ambapo alitarajia zipungue. Mwanzoni ulikuwa usumbufu tu. Kisha akaelewa: wimbi linagonga ukuta na kurudi, na lile linalorudi linakutana na lile linalokuja.

Basi akaamua kuufanya usumbufu huo kuwa jaribio. Alichukua ukumbi mkubwa wa masomo, wenye urefu wa mita 15 hivi. Akaondoa mabomba ya gesi na taa zilizoning'inia ili chuma chake kisivuruge mawimbi. Kwenye ukuta wa mbele akatundika bati la zinki lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Zinki ni madini yale yale yanayochimbwa Kipushi, karibu na Lubumbashi, na ndiyo hupakwa juu ya mabati ya nyumba zetu ili yasishikwe na kutu.

Akaweka chombo cha kutuma upande wa pili wa ukumbi, kisha akatembea katikati akiwa ameshika pete yake. Mahali pamoja cheche ziliwaka. Akisogea mbele, zikafifia mpaka zikakoma. Akisogea tena, zikarudi. Pale ambapo kilele cha wimbi linalokuja kilikutana na kilele cha wimbi linalorudi, nguvu ziliongezeka. Pale ambapo kilele kilikutana na bonde, moja lilifuta lingine. Umbali kati ya sehemu hizo ulimpa urefu wa wimbi. Hilo likawa jibu la ubishi: nguvu ya umeme inasafiri hewani kama wimbi, na inarudi ikigonga chuma kama mwanga unavyorudi ukigonga kioo.

Kila mwenye simu analijua jambo hili ingawa hajasoma fizikia. Umekaa ndani ya nyumba, rezo imekatika, unasogeza simu kidogo tu na ujumbe unatoka. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Kutoka sehemu yenye nguvu hadi sehemu iliyofifia kunaweza kuwa na umbali mdogo kuliko upana wa kiganja. Tunatembea na simu ndani ya nyumba kama Hertz alivyotembea na pete yake.

Vioo viwili na dirisha la nyaya

Mwisho wa mwaka 1888 alikwenda mbali zaidi. Alifupisha wimbi hadi sentimita 66 hivi, akatengeneza vioo viwili vya bati la zinki lililopindwa juu ya fremu ya mbao, kila bati likiwa na mita 2 kwa 2. Kioo kimoja kilikusanya wimbi na kulituma kama mwale wa tochi, kingine kililipokea.

Kwa vyombo hivyo alionyesha mambo ambayo mhandisi wa simu bado anakutana nayo. Mwale ulipita katika mlango wa mbao uliofungwa, cheche zikawaka chumba cha pili. Bati lilipowekwa njiani, ukakatika. Mtu alipopita katikati, cheche pia zilizimika, maana mwili wa binadamu unazuia wimbi. Alitengeneza hata prizimu ya lami yenye uzito wa kilo 600 hivi, na wimbi likapinda ndani yake kama mwanga unavyopinda ndani ya glasi.

Majaribio mawili yanahusu moja kwa moja nyuso za leo. Katika la kwanza, aliweka bati pembeni ili mwale uligonge na kugeukia kioo cha kupokea ambacho kisingeweza kuona kioo cha kutuma. Cheche zikawaka. Alipoligeuza bati kidogo kutoka pembe yake, zikazimika. Katika la pili, alitengeneza dirisha la mbao lililofungwa nyaya nyembamba za shaba, sentimita 3 kati ya waya na waya. Nyaya zikielekea upande mmoja, dirisha lilizuia wimbi na kulirudisha. Akizigeuza robo mzunguko, wimbi lilipita kana kwamba hakuna kitu. Kitu kile kile, mahali pale pale, kilifungua au kufunga njia kulingana na jinsi kilivyopangwa.

Kioo kikubwa kama bara

Sifa zikamfikia kutoka kila upande. Mfaransa Henri Poincaré aliona kosa katika hesabu moja ya Hertz kuhusu mwendo wa wimbi, na Hertz akalikubali hadharani bila kugombana. Mwaka wa 1889 akahamia chuo kikuu cha Bonn.

Mwisho wa mwaka huo mhandisi mmoja wa Munich, Heinrich Huber, alimwandikia barua akiuliza kama mawimbi hayo yanaweza kubeba mazungumzo ya simu. Hertz alimjibu kwamba haiwezekani. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Sauti katika simu inatikisika polepole, mara elfu moja hivi kwa sekunde. Wimbi la namna hiyo lingekuwa na urefu wa kilomita 300, na ili kulikusanya kungehitajika kioo kikubwa kama bara zima.

Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni wazo lililokuja baadaye: kuchukua wimbi fupi, linalotikisika mamilioni ya mara kwa sekunde, na kulipakia sauti juu yake. Hertz alikuwa tayari na wimbi fupi hilo mezani. Lile la sentimita 66 linatikisika karibu mara milioni 450 kwa sekunde, si mbali na mawimbi ya simu za leo. Lakini swali lake lilikuwa kujua kama Maxwell alisema kweli, na swali hilo alikwisha kulijibu.

Hakupata muda wa kurudi nyuma. Kuanzia mwaka wa 1892 alishikwa na maumivu makali ya kichwa, pua na meno. Alipasuliwa mara kadhaa bila kupona. Akiwa mgonjwa aliandika kitabu juu ya misingi ya mekanika, kikatoka baada ya kifo chake. Alifariki Bonn siku ya mwaka mpya 1894, akazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Mwalimu wake Helmholtz naye alifariki mwaka huo huo.

Makala za kumkumbuka Hertz zilimfikia kijana wa Kiitaliano, Guglielmo Marconi, ambaye alianza kutuma ishara bila waya mwaka wa 1895. Mwezi wa 12 mwaka wa 1901 ishara yake ilivuka bahari ya Atlantiki. Kabla ya vita ya 1914, nguzo za telegrafu isiyo na waya zilikuwa zimekwisha kusimamishwa Kongo pia, zikiunganisha Boma na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Mwaka wa 1930 tume ya kimataifa ya umeme ilichukua jina la Hertz kuwa kipimo cha mtikisiko. Miaka mitatu baadaye Wanazi walishika utawala. Kwa sababu ya ukoo wa baba, Mathilde, ambaye alikuwa mwanabiolojia, alizuiwa kuendelea na kazi yake. Mjane wa Hertz na mabinti wake wakaondoka kwenda Uingereza. Philipp Lenard, aliyekuwa msaidizi wa Hertz kule Bonn, alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliowaunga mkono Wanazi kwa sauti kubwa.

Kutoka bati hadi uso unaojipanga

Bati la Hertz lilikuwa na kasoro moja: ili kugeuza wimbi, lazima uligeuze bati lenyewe kwa mkono. Nyuso zinazojaribiwa leo zinaondoa kasoro hiyo. Fikiria ubao mwembamba uliojaa vipande vidogo vya chuma, mamia au maelfu, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko urefu wa wimbi. Katika kila kipande kuna kijidude cha umeme, kama diodi, kinachoweza kuchelewesha kidogo wimbi linaporudi. Kompyuta ndogo inaamua kila kipande kicheleweshe kiasi gani.

Kama vipande vimepangwa vizuri, vilele vya mawimbi yote vinafika pamoja pale ilipo simu, jambo lile lile Hertz aliloliona katikati ya ukumbi. Simu ikihama, mpangilio unabadilishwa bila ubao kusogea. Kwa hesabu, ukizidisha idadi ya vipande mara mbili, nguvu inayofika kwenye simu inaweza kuongezeka mara nne. Ubao hautengenezi wimbi lake wenyewe, kwa hiyo unatumia umeme kidogo kuliko antena.

Faida kwa uwezo wa rezo ni mbili. Kwanza, ishara ikiwa na nguvu, simu inaweza kupokea data nyingi zaidi katika sekunde moja. Pili, ukuta ukitoa njia ya pili ya wimbi, mnara wenye antena nyingi unaweza kutuma mafurushi mawili ya data kwa wakati mmoja, moja kwa kila njia. Hilo ni la maana hasa kwa mawimbi mafupi ya 5G. Wimbi la gigahezi 28 lina urefu wa sentimita moja hivi, na mkono tu wa mtu unaweza kulizuia. Mwaka wa 2018 kampuni ya NTT DOCOMO na Metawave walijaribu uso wa kuakisi wimbi hilo mjini Tokyo, Japani. Mwaka wa 2021 ETSI, shirika la Ulaya linaloweka kanuni za mawasiliano, liliunda kikundi cha kushughulikia nyuso za aina hii.

Mipaka ipo pia. Wimbi linapungua nguvu likitoka mnarani hadi ukutani, kisha linapungua tena likitoka ukutani hadi kwenye simu. Ndiyo maana ubao unasaidia zaidi ukiwa karibu na mnara au karibu na mtumiaji. Lazima pia ujue simu iko wapi, la sivyo utarusha wimbi mahali pasipo na mtu. Na pale ambapo hakuna mnara kabisa, ubao hauna cha kugeuza.

Hilo lina maana kwa miji yetu. Bukavu imejengwa juu ya vilima, na mtaa unaweza kuwa karibu na mnara lakini ukakaa nyuma ya mgongo wa kilima. Mahali kama hapo, uso mzuri uliowekwa kwenye kona inayouona mnara na mtaa kwa pamoja ungeweza kusaidia bila kujenga mnara mwingine. Kijiji kilichoko kilomita nyingi kutoka mnara wowote bado kitahitaji mnara wake, umeme wake na mtu wa kuutunza. Atakayekuja kuuza nyuso hizi, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama wimbi la mnara linafika mpaka kwenye ukuta wenyewe.

Hertz angelielewa swali hilo mara moja. Kabla ya kutundika bati lake, alihakikisha kwanza kwamba cheche ya upande wa pili wa ukumbi inaruka.